Swali la Watu wa Soy

Kidole cha Nicanor kilizama kwenye mguu wake mwenyewe, na alipokiondoa, shimo likabaki.

Alikuwa ameketi juu ya gunia kando ya mashine yake ya kupukuchua mahindi, katika shamba moja upande wa Soy, akihangaika na gamboti iliyokataa kuvulika. Mashine ilinguruma na vumbi la magunzi lilitanda, kwa hiyo vijana waliokuwa wakiilisha hawakumwona. Alilitazama lile shimo likijaa polepole. Kisha akashusha mguu wa suruali, akairudisha gamboti kwa nguvu, akaenda kuendelea na kazi.

Mtu mwingine angeshangaa. Nicanor hakushangaa, maana miguu ya namna ile alikuwa ameiona akiwa mtoto. Baba yake alivimba hivyo hivyo, kuanzia vifundoni hadi usoni, akawa analala ameketi, akafa kabla mvi hazijamtoka. Shangazi yake, dada wa baba, alifuata njia ile ile. Wazee wa ukoo walisema ni laana iliyotokana na ugomvi wa mpaka wa shamba. Walichinja kondoo, wakapatana na majirani, na watoto wakaambiwa kwamba jambo hilo limekwisha na lisitajwe tena. Nicanor alitii. Alikua, akaoa, akanunua mashine, akawa mzee wa kanisa, na muda wote huo hakulitaja.

Pale Kiplombe alikoishi, watu walimheshimu. Akisema atafika shambani asubuhi, alifika asubuhi. Mahindi yaliyomwagika chini ya mashine aliyafagia na kumrudishia mwenyewe, hata kama ni kikombe kimoja. Ndiyo sababu kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwongo akisema uongo hakuna anayeumia sana, kwa kuwa hakuna anayemsadiki. Mtu mwaminifu akisema uongo, watu hujenga nyumba juu yake.

Kwa wiki kadhaa alikunywa dawa za maumivu za dukani na kumwambia mkewe, Jepkosgei, kwamba ni vumbi la mahindi na kusimama sana. Halafu Jumapili moja, akiwa amesimama mbele ya kanisa kusoma somo la siku, pumzi ilimkatika katikati ya aya. Aliketi kwenye ngazi ya madhabahu kama mtu anayetaka kupumzika kidogo. Hakuweza kuinuka. Walimbeba hadi kwenye gari la mchungaji, wakampeleka hospitalini mjini Eldoret.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwonyesha picha ya figo zake. Zilikuwa kubwa kupita kiasi, zimejaa vifuko vya maji, vimebanana kama tunda la komamanga lililopasuliwa.

"Mzee, hizi hazifanyi kazi tena," alisema. "Kuanzia leo mashine ndiyo itakusafisha damu, mara mbili kwa wiki. Na huu si ugonjwa wa jana. Umezaliwa nao. Baba yako alikufa na nini?"

"Alianguka kwa trekta," Nicanor akajibu.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Yalimtoka tu, kama kwamba yalikuwa yakingoja mdomoni tangu utotoni.

Daktari alimtazama kidogo. "Una watoto?"

"Mmoja. Msichana, anaitwa Cynthia. Ni mwalimu kule Turbo."

"Mlete apimwe. Mtoto wa mtu mwenye figo za namna hii huweza kurithi au asirithi, ni nusu kwa nusu. Kama anao na akajua mapema, tutamlinda na presha, na anaweza kukaa miaka mingi bila kufika hapa ulipofika wewe. Asipojua, atakuja kama ulivyokuja. Umenisikia?"

Nicanor akasema amesikia. Hakumleta.

Sababu ilikuwa hii: Cynthia alikuwa anaposwa. Kijana aliitwa Edwin, wa familia ya wakulima wa Soy, na wazee wa kwao walikuwa wameshatuma neno kwamba watakuja. Katika desturi ya watu wa pale, kabla ya koito, ile siku ya kukubaliana mahari, wazee wa mvulana huuliza kuhusu nyumba wanayotaka kuoa. Huuliza kama kuna wizi, kama kuna wazimu, kama kuna ugonjwa unaotembea katika damu. Hawaulizi kwa chuki. Nicanor mwenyewe aliwahi kwenda kumwulizia mpwa wake huko Moiben, akasikia kwamba katika nyumba ile kuna kifafa, akanyanyua kofia yake na kuondoka bila kumaliza chai. Alijua vizuri kabisa jibu la kweli linafanya nini.

Basi Cynthia aliambiwa kwamba baba ana presha, na kwamba huenda mjini kupata dawa. Mpira uliotiwa shingoni mwake ili damu itoke na kurudi ulifunikwa na skafu nzito ya sufi. Kwa baridi ya Eldoret hakuna aliyeuliza.

*

Chumba cha mashine kilikuwa na harufu ya dawa na ya chuma chenye unyevu. Siku ya kwanza Nicanor alilala amefumba macho, akisikia damu yake ikizungushwa nje ya mwili wake. Alipoyafumbua, mwanamume mwembamba wa kitanda cha pili alikuwa anamtazama akitabasamu.

"Karibu kwa kilabu, mzee," alisema. "Hapa bia hakuna, chai hakuna, na maji ni ya kuangalia tu."

"Jacktone, mwache mgeni apumue," akasema mama mmoja mnene kutoka kitanda cha upande wa pili. "Mimi ni Waiyego, niko na duka pale mtaa wa West Indies. Huyu alikuwa dereva wa lori. Usimwamini akikuambia kitu chochote, isipokuwa akikuambia mambo ya maji. Hapo husema ukweli."

"Mambo ya maji ni rahisi," Jacktone akasema. "Usinywe."

Nicanor hakutaka urafiki na mtu. Lakini kiu ilimlazimisha. Ilikuwa kiu asiyoijua kabla, inayomfanya mtu aote mito na mabwawa, na hakuna mtu mwenye afya aliyeweza kumweleza jinsi ya kuibeba. Wale wawili waliweza. Walimfundisha kunywa kwa kikombe cha mtoto. Walimwambia asukutue na kutema, anyonye kipande cha limau, achemshe sukuma wiki, amwage maji yake, achemshe tena. Walimwambia ndizi na parachichi aviage.

"Na maziwa?" Nicanor aliuliza.

Waiyego akacheka. "Maziwa utayaona kwa ng'ombe."

"Sisi watu wa huku hatuwezi kukaa bila maziwa, mama."

Waiyego akaacha kucheka. "Baba Cynthia, nisikize. Mtu wa figo akijaza maziwa tumboni, hasa hayo yenu ya kibuyu, na hajasafishwa, moyo unaweza kusimama akiwa ameketi tu hivyo. Hakuna kelele. Utafikiri amesinzia."

Walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna hospitali iliyowafundisha. Kila asubuhi kila mmoja alimtumia mwenzake neno moja kwenye simu: nimeamka. Ambaye neno lake halikufika jua likishachomoza, alipigiwa. Asiyepokea, mtu alikwenda hadi kwake kuangalia. Utaratibu huo ulianza kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyekuwa akilazwa kitanda cha dirishani. Walikaa wakidhani simu yake imeisha chaji. Walipokwenda, walimkuta ameketi kwenye kochi, redio inaongea. Tangu hapo kitanda cha dirishani kilikuwa na mwanga mzuri kuliko vyote, na hakuna mgonjwa wa zamani aliyekubali kukilalia.

Nicanor naye akaanza kutuma neno. Jepkosgei alimwona siku moja akiandika kwa kidole chake kikubwa cha mafuta ya mashine, akatabasamu peke yake jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza mumewe kuhesabiwa na watu kwa sababu ya udhaifu wake na asikasirike.

*

Wazee wa Soy walifika wakati mahindi yamefika magotini. Waliongozwa na Mzee Kimeli, ami yake Edwin, mtu mrefu mwenye kope nzito aliyeongea polepole kama anayepima kila neno kwa mkono.

Chai ililetwa. Nicanor aliinywa. Maziwa ya kibuyu yakaletwa, na akayanywa pia. Mwenye nyumba asiyekunywa na wageni wake huonekana anawachukia au anaumwa.

"Nyumba hii tunaijua kwa kazi," Mzee Kimeli akasema. "Mashine yako imepukuchua mahindi yetu, na haijatuibia. Sasa tunauliza yale ambayo watu huuliza. Ndani ya damu kuna nini? Kifafa? Wazimu? Uvimbe?"

"Hakuna," Nicanor akasema.

"Tumesikia baba yako alienda mapema."

"Alianguka kwa trekta."

Jepkosgei alikuwa karibu na mlango akimimina chai kutoka kwenye chupa. Chai iliyokuwa inaingia kikombeni ikamwagikia sahani.

Wageni walipoondoka, alifunga mlango. "Baba Cynthia, umefanya nini?"

"Nimemfungulia mtoto njia."

"Daktari alisema apimwe. Mimi nilikuwa pale. Nusu kwa nusu, hivyo ndivyo alivyosema."

"Akipimwa, watu watajua. Wakijua, nani atamwoa? Mwache aolewe kwanza. Baada ya hapo nitasema."

"Utasema akiwa na mimba? Utamwambia nani, yeye au mtoto wake?"

Nicanor alitoka nje akaenda kushika spana, akaanza kulegeza nati ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Uongo hauishi peke yake, unahitaji kulishwa. Wageni wa Soy walikuja tena, na tena, kama desturi inavyotaka, na kila mara Nicanor alikunywa nao. Sasa ikambidi aidanganye na mizani. Kila mgonjwa alipofika alipimwa uzito, na Nakhumicha, muuguzi, alipiga hesabu ya maji ya kutolewa kutokana na uzito huo. Tangu mwanzo Nicanor alikuwa akipimwa akiwa na koti lake zito la kazini, na Nakhumicha alimzoea hivyo. Siku alizokuwa amekunywa, alilivua kwa ujanja akalitundika kabla ya kupanda, na uzito wake ukaonekana wa kawaida. Maji yakabaki ndani. Kila wiki yakaongezeka. Usiku alianza kulala ameegemea mito mitatu, kisha kiti.

Ni Jacktone aliyegundua. Koti lilianguka kutoka kwenye msumari, akaliinua, likamzidi nguvu. Mifukoni mlikuwa na spana, boliti na kipande cha mnyororo.

"Ai! Mzee, hii ni koti ama ni karakana?" akasema, na akataka kucheka. Kisha akamwona Nicanor usoni, uso uliojaa kama mto, akaelewa. Hakucheka. Alisubiri Nakhumicha aende upande wa pili, akasogeza kichwa.

"Umekuwa ukivua hii ukipimwa."

Waiyego akageuka kitandani.

"Unamdanganya nani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mizani? Mizani haitazikwa."

Basi akawaambia yote: Cynthia, watu wa Soy, baba yake, shangazi yake, koito ya Jumamosi inayokuja na maziwa ya kibuyu ambayo lazima ayanywe. Aliwaambia kwa sababu hawakuwa wa ukoo wake wala wa kanisa lake. Waiyego alisikiliza huku mkono wake ukiwa umelala wazi, sindano mbili ndani yake.

"Kwa hiyo msichana hajui," alisema mwishoni.

"Atajua baada ya harusi."

"Baba Cynthia, hapa ndani nani amekuambia kuna baada? Mimi singejali ukijiua. Wewe ni mtu mzima. Lakini huyo msichana anatembea huko Turbo, anafundisha watoto wa watu, na labda hicho kitu kiko ndani yake kinakua, na wewe umekikalia kama kuku amekalia yai."

"Mwambie ndugu yako anywe badala yako, basi," Jacktone akasema.

"Baba wa msichana ndiye huonja kwanza. Asipoonja, hakuna koito."

"Basi njoo Ijumaa usafishwe vizuri, useme ukweli kwa mizani, halafu Jumamosi uguse tu na mdomo."

Nicanor aliahidi kwamba Ijumaa atakuja.

*

Ijumaa hakuja. Ng'ombe alikuwa anachinjwa, hema linafungwa, jamaa wanatoka Kapsabet, na alijiambia kwamba siku moja haiwezi kumuua. Jumamosi asubuhi hakutuma neno. Waiyego alipiga simu, ikawa imezimwa.

Koito ilianza kwa sala. Wazee wa Soy waliketi upande mmoja wa sebule, wazee wa Kiplombe upande wa pili, na Nicanor katikati yao akiwa na skafu yake, akipumua kwa kifua cha juu tu. Cynthia alikuwa chumba cha ndani na wasichana wenzake. Mambo ya mahari yalikwenda vizuri mno. Kulikuwa na mzaha kuhusu ng'ombe mwenye pembe moja, na wazee walicheka.

Katikati ya kicheko hicho pikipiki ilisimama nje. Jepkosgei alitazama dirishani, akashika mdomo. Kisha akaenda kufungua mlango kabla mtu yeyote hajabisha.

Waiyego aliingia, amejifunga leso kichwani, na Jacktone nyuma yake, amevaa suti iliyompwaya. Wote wawili walikuwa na plasta mikononi kutoka Ijumaa.

Mzee Kimeli akawatazama, kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Na hawa wageni ni akina nani?"

Nicanor alikuwa na nafasi yake. Hata wakati ule haikuwa imepotea.

"Ni wateja wangu," alisema. "Wa mashine."

Waiyego aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kumwaibisha mwanamume ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya wakwe. "Ndiyo, wazee," alisema. "Tumekuja kuulizia mashine. Tutangoja." Akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na Jacktone akasimama kando yake.

Sasa kibuyu kikaletwa. Kilikuwa kimepambwa kwa shanga, na maziwa yake yalikuwa yamekaa siku nyingi, mazito, yenye rangi ya kijivu ya masizi. Mzee wa Kiplombe aliyasema maneno ya baraka. Maziwa yakamiminwa kwenye kikombe kikubwa hadi ukingoni, na kikombe kikapelekwa kwa Nicanor.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anahema, na wazee wakadhani ni furaha ya mzazi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya buluu. Waiyego aliiona kutoka mlangoni. Jepkosgei aliiona pia, na hakuna hata mmoja kati ya wanawake hao wawili aliyekuwa na ruhusa ya kusema neno.

Jacktone alipita katikati ya wazee. Aliruka miguu ya Mzee Kimeli, akafika mbele ya Nicanor.

"Samahani, wazee," alisema. "Mimi nina kiu."

Akachukua kile kikombe mikononi mwa baba wa msichana, akakiinua, akanywa. Alikunywa chote. Maziwa yalimchirizika kidevuni hadi kwenye suti.

Kelele zilizozuka zilisikika hadi barabarani. "Huyu ni nani?" "Ametoka wapi?" "Amelewa!" Mzee mmoja alimkamata kola. Mwingine alisema koito imetiwa mkosi. Mzee Kimeli hakupiga kelele. Alisimama tu, akachukua kofia yake, na hilo lilitisha kuliko kelele.

"Nicanor," alisema, "mteja wako huyu amekunywa agano letu. Mtoe nje, au sisi tutoke."

Jacktone alikuwa amesukumwa hadi ukutani. Alijifuta kidevu, akamtazama Nicanor, akajaribu kutabasamu. "Usijali, mzee. Mimi nilisafishwa jana," alisema, polepole, kama anayemtuliza mtoto. "Mimi naweza."

Ni vigumu kusema kitu gani humgeuza mtu. Maonyo ya daktari hayakumgeuza Nicanor, maswali ya mkewe hayakumgeuza, wala hofu ya kufa. Lakini kumwona mgonjwa mwenzake akisukumwa kama mlevi, na sumu iliyokuwa yake yeye Nicanor tumboni, hilo lilimshinda. Aliinua mkono akafungua skafu. Mpira ulining'inia shingoni mwake, umefungwa kwa bandeji, na vifuniko vyake viwili vya rangi nyekundu na buluu.

"Mwacheni," alisema. Ilibidi avute pumzi baada ya kila maneno machache. "Si mlevi. Si mteja. Ni mgonjwa mwenzangu. Na mama yule pia. Figo zangu zimekufa. Baba yangu hakuanguka kwa trekta. Alikufa na hili. Shangazi yangu pia. Liko katika damu yetu. Mliniuliza, nikawadanganya."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefunguka, na Cynthia alikuwa amesimama pale na gauni lake la sherehe.

"Katika damu yetu?" aliuliza. "Baba, yetu nani?"

Nicanor alitaka kumjibu. Badala yake aliinama mbele, na sauti iliyotoka kifuani ilikuwa ya maji.

Waiyego ndiye aliyefika kwanza. "Msimlaze! Mketishe wima! Hakuna kumpa maji, mama, rudisha hiyo glasi! Gari la nani liko karibu?"

Lilikuwa la Mzee Kimeli. Hakusita, hilo lisemwe kwa haki yake. Alimwingiza Nicanor kiti cha mbele, Waiyego na Jacktone wakaingia nyuma na Jepkosgei, na akaendesha kwa kasi hadi mjini. Alipowafikisha mlangoni pa hospitali alimshikilia mgonjwa hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wake ulibaki juu ya bega la Nicanor.

"Niliuliza kwa ajili ya mtoto wako pia," alisema, akarudi garini.

*

Walimwokoa, ingawa kwa shida. Nakhumicha aliitwa kutoka kwake, akatoa maji lita kwa lita, na safari hii Nicanor alipimwa kwa kitanda chenye mizani, bila koti. Jacktone alilazwa kitanda cha jirani, nyaya zikiwa kifuani, kwa sababu moyo wake ulikuwa unaruka mapigo. Aliwaambia wauguzi kwamba maziwa yale yalikuwa matamu na kwamba hajutii, lakini tangu siku hiyo anapanda ngazi akisimama njiani, na neno lake la asubuhi huchelewa. Wenzake huamka mapema zaidi kulingoja.

Cynthia alipimwa Jumatatu. Edwin alimpeleka, akamngoja nje, akamrudisha. Vifuko vilikuwepo katika figo zote mbili, vidogo bado. Presha yake ilikuwa imeshaanza kupanda na hakuwa anajua. Daktari alisema wamewahi, lakini alisema hivyo kwa uangalifu. Kutoka Soy lilikuja neno moja tu, kwamba wazee watakutana baada ya mavuno. Halikuwa ndiyo wala hapana. Simu za Edwin bado zinakuja, ila zimekuwa fupi.

Siku Nicanor aliporudishwa chumba cha mashine cha kawaida, binti yake alikuja. Alisalimia kila mtu kwa heshima. Alimsalimia baba yake pia. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakipitisha mbele ya kitanda cha baba, akakiweka kando ya kitanda cha Waiyego.

"Mama," alisema, "niambie yote tangu mwanzo. Usinifiche hata moja."

Waiyego alitazama upande wa Nicanor, kisha akamtazama msichana kwa muda mrefu.

"Yote?"

"Yote. Hata jinsi watu huondoka."

"Sawa," Waiyego akasema, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kupamba maneno, akaanza. Alianza na presha na chumvi, akaja kwenye miguu, akaja kwenye kiu, na hatimaye akafika kwa yule mwalimu na redio yake. Nicanor alitaka kuinuka atoke nje asisikie. Lakini damu yake ilikuwa kwenye mashine, na ikambidi alale pale pale asikilize hadi mwisho.